Kwa nini wauguzi wapya hulemewa na kazi kwa njia tofauti

WAUGUZI wawili waliohitimu mwaka mmoja kutoka chuo kimoja huweza kupelekwa katika wadi moja na kupangiwa zamu zile zile. Baada ya miezi sita, mmoja huwa ameizoea kazi na hata kuanza kuwaelekeza wanafunzi, ilhali mwenzake hakosi maumivu ya kichwa, hapati usingizi na ameanza kuulizia nafasi kwingineko.

Aghalabu tofauti hiyo huelezwa kwa maneno mepesi. Husemwa kuwa mmoja ana wito na mwingine alifuata mshahara, au kwamba mmoja ana moyo mgumu na mwingine ni dhaifu.

Wataalamu wa saikolojia ya kazi na wa elimu ya uuguzi hawaridhiki na maelezo hayo. Kwa maoni yao, kuna mambo matatu yanayoshikana: mtindo wa kitabia wa muuguzi, mafadhaiko anayokumbana nayo kazini, na kiwango cha ufungamano wake na hospitali iliyomwajiri. Anayetaka kujua kwa nini wauguzi wachanga huacha kazi hana budi kuyatazama yote matatu kwa pamoja.

Suala lenyewe si dogo. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa mwaka 2025, ulimwengu ulikuwa na wauguzi wapatao milioni 29.8 mwaka 2023, na upungufu ulikadiriwa kuwa milioni 5.8. Kila muuguzi anayeondoka katika mwaka wake wa kwanza huacha nyuma gharama ya masomo ya miaka kadhaa, na pengo lake huzibwa na wenzake ambao tayari wamelemewa.

Nchini Kenya hali ina kinaya chake. Hospitali za umma hulalamikia uhaba wa wauguzi huku wahitimu wengi wakisubiri ajira kwa muda mrefu. Anayebahatika kuajiriwa baada ya kungoja huingia wadini ujuzi wake ukiwa umepungua makali, na hukuta watu wachache kiasi kwamba hakuna mwenye nafasi ya kumshika mkono.

Mshtuko wa uhalisia

Mtaalamu wa uuguzi wa Marekani, Marlene Kramer, ndiye aliyelipa tatizo hili jina mwaka 1974 alipochapisha kitabu kuhusu kile alichokiita mshtuko wa uhalisia.

Kramer alieleza kuwa muuguzi mpya hupitia awamu nne. Ya kwanza ni ya fungate, ambapo kila kitu humpendeza. Ya pili ni mshtuko, pale anapogundua kwamba mambo aliyofundishwa hayafanyiki na hakuna anayejali kuwa hayafanyiki. Ya tatu ni ahueni. Hapo huanza kucheka tena na kuyaona mambo kwa mizani. Ya mwisho ni ya uamuzi: ama hupata njia ya kupatanisha maadili ya chuo na hali halisi ya wadi, ama huyatupa maadili hayo, ama huitupa kazi yenyewe.

Kiini cha mshtuko huo ni rahisi kukielewa. Chuoni mwanafunzi hufundishwa kumhudumia mgonjwa mmoja kwa ukamilifu: kumpima joto na presha, kumpa dawa kwa wakati, kumsikiliza, kisha kuandika kila kitu katika faili. Wadini hukuta wagonjwa wengi wakimngoja yeye na pengine mwenzake mmoja tu. Hulazimika kuchagua lipi lifanywe na lipi liachwe, ilhali hakuna mwalimu aliyewahi kumfundisha namna ya kuiacha kazi nusu.

Patricia Benner, mtaalamu mwingine wa Marekani, alikamilisha picha hiyo mwaka 1984. Alitofautisha ngazi tano za ujuzi wa muuguzi, kutoka mwanagenzi hadi bingwa. Aliyetoka chuoni karibuni huwa katika ngazi ya pili. Anazijua kanuni, lakini bado hawezi kutambua upesi ni jambo lipi lenye uzito kuliko jingine. Ngazi ya tatu, ambayo ni ya umilisi, hufikiwa baada ya miaka miwili au mitatu katika kazi ya aina moja.

Maana yake ni kwamba muuguzi mpya anayehamishwa kutoka wadi ya watoto hadi ya upasuaji, kisha ya kujifungulia, kila baada ya miezi michache hurudishwa chini ya ngazi kila mara anapokaribia kuikwea.

Mwaka 1981, watafiti Pamela Gray-Toft na James Anderson walitunga kipimo cha mafadhaiko ya wauguzi chenye hoja 34. Walibainisha vyanzo saba: vifo na mateso ya wagonjwa, mivutano na madaktari, kutojiandaa vya kutosha kwa mahitaji ya kihisia ya wagonjwa na jamaa zao, kukosa wa kumwegemea, mivutano na wauguzi wenzao, wingi wa kazi, na kutokuwa na hakika kuhusu matibabu.

Muuguzi mpya huweza kukutana na vyote saba katika zamu moja ya usiku.

Hata hivyo, chanzo kimoja hakimchomi kila mtu kwa kiasi kimoja. Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman walieleza mwaka 1984 kwamba mafadhaiko huzuka pale mtu anapolipima jambo na kuona limezidi uwezo alio nao wa kulikabili. Upimaji huo ndio mlango ambamo tabia ya mtu huingilia.

Mitindo minne

Kuna njia nyingi za kuainisha tabia za watu. Mojawapo iliyoenea sana katika ofisi, na ambayo watafiti wa uuguzi wa Korea Kusini wamekuwa wakiitumia, ina mizizi katika kitabu cha mwaka 1928 cha mwanasaikolojia wa Marekani William Moulton Marston, ambaye baadaye alibuni Wonder Woman, yule shujaa wa kike wa vitabu vya katuni. Marston mwenyewe hakutunga jaribio lolote la kupima tabia kutokana na nadharia yake. Majaribio hayo yalitungwa na wengine baadaye.

Jinsi inavyofundishwa leo, njia hii huuliza maswali mawili. Je, mtu ni wa kasi au wa taratibu? Na je, macho yake huelekea kwanza kwenye kazi au kwenye watu? Majibu huzaa mitindo minne, inayoweza kuitwa ya mkakamavu, mchangamfu, mtulivu na makini.

Mkakamavu hupenda kuamua upesi na kuona matokeo. Katika kitengo cha dharura mtu wa aina hii ni hazina. Kinachomwumiza ni kukosa mamlaka. Muuguzi mpya yuko chini kabisa katika ngazi ya hospitali. Hungoja agizo la daktari, ruhusa ya msimamizi na sahihi ya huyu na yule. Mafadhaiko yake hujitokeza kwa ukali na mabishano, na msimamizi wa wadi akiwa wa mtindo uo huo, huthibitika kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Hatari yake kubwa ni kuthubutu kufanya jambo kabla ujuzi wake haujatosha.

Mchangamfu huishi kwa watu. Wagonjwa humpenda, na jamaa zao humwuliza yeye kwanza. Kinachomlemea ni upweke wa zamu ya usiku, makaratasi yasiyokwisha na, zaidi ya yote, kukaripiwa mbele ya wenzake. Jambo ambalo mwingine angelisahau ifikapo jioni, yeye hukaa nalo wiki nzima. Aidha, huweza kutumia muda mwingi akimfariji mgonjwa mmoja hata akasahau kuandika alichompa mwingine.

Mtulivu ni mvumilivu, hupenda utaratibu unaojulikana na wenzake aliowazoea. Hufadhaishwa na mabadiliko ya ghafla: ratiba ya zamu iliyobadilishwa usiku wa kuamkia leo, uhamisho usiotangazwa, au ugomvi kati ya wakubwa wawili unaomtaka achague upande. Lakini halalamiki. Akiombwa kushika zamu ya mwenzake hukubali, na akiombwa tena hukubali tena.

Kwa sababu hiyo, mtulivu ndiye anayesahaulika kwa urahisi. Msimamizi humhesabu miongoni mwa wasio na shida, hadi siku barua ya kujiuzulu inapofika mezani. Wahenga walilijua hilo waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Makini hutaka kila jambo lifanywe sawasawa. Huhesabu kipimo cha dawa mara mbili, na wagonjwa wake huwa salama mikononi mwake. Kinachomtesa ni kufanya kazi bila muda wala vifaa vya kutosha: glavu zimekwisha, kipimapresha kimoja kinazunguka wadi tatu, dripu zinasubiriwa kutoka stoo. Hubaki hospitalini muda mrefu baada ya zamu ili akamilishe faili, na hurudi nyumbani akijiuliza kama amesahau jambo. Kosa la mfumo hulihesabu kuwa kosa lake.

Hivyo basi, tatizo moja huwa na sura nne. Siku vifaa vinapokosekana, mkakamavu huwaka hasira, mchangamfu hukimbilia wadi jirani kuazima, mtulivu hungoja akinyamaza, naye makini hukosa usingizi. Msimamizi anayeitambua sura moja tu ya mafadhaiko, ile ya kelele, atamwona mmoja na kuwakosa watatu.

Mahali pa kazi pia hubadilisha hesabu. Zahanati nyingi za mashambani nchini huendeshwa na muuguzi mmoja au wawili. Huko mkakamavu huweza kunawiri kwa sababu anaamua mwenyewe, ilhali makini hukosa wa kumwuliza na mchangamfu hukosa mwenzake wa kuzungumza naye. Katika hospitali kubwa ya rufaa huenda mambo yakawa kinyume kabisa. Kwa hiyo hakuna mtindo ulio bora kuliko mwingine. Kuna mtindo unaolingana na mahali na usiolingana napo.

Nyuzi tatu za ufungamano

Mafadhaiko peke yake hayamfukuzi mtu kazini. Wapo wauguzi waliochoka mno lakini hawana nia ya kuondoka, na wapo wasio na shida yoyote ambao wako tayari kwenda kesho.

Wanasaikolojia wa Canada, John Meyer na Natalie Allen, walilifafanua jambo hili mwaka 1991. Walisema mfanyakazi hufungwa na taasisi yake kwa nyuzi tatu. Wa kwanza ni wa mapenzi: hubaki kwa kuwa anataka. Wa pili ni wa hesabu: hubaki kwa kuwa kuondoka kutamgharimu. Wa tatu ni wa wajibu: hubaki kwa kuwa anaona ni haki kubaki.

Kwa mtazamo wa mbali wote watatu wanafanana, kwani kila mmoja huripoti kazini asubuhi. Kwa mgonjwa, hata hivyo, tofauti ni kubwa. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa wanaofungwa na uzi wa mapenzi hufanya kazi vizuri zaidi, hukosa kazini mara chache na huripoti mafadhaiko machache. Wanaobaki kwa hesabu tu hawana faida hizo, na mara nyingi hufadhaika zaidi.

Hapa ndipo mtindo wa kitabia unapokutana na ufungamano. Uzi wa mapenzi husukwa kwa mambo madogo ya miezi ya mwanzo, na mambo hayo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Mkakamavu huusuka anapokabidhiwa jukumu analoweza kulisimamia. Mchangamfu huusuka anapopokewa na wenzake na kusifiwa hadharani. Mtulivu huusuka anapoambiwa mapema kitakachobadilika. Makini huusuka anapopewa maelezo yaliyo wazi na muda wa kuuliza maswali.

Kwa upande mwingine, uzi wa hesabu hukatika ghafla. Kukosekana kwa ajira humfanya muuguzi ashikilie kazi asiyoipenda, lakini mlango ukifunguka huondoka bila kugeuka nyuma. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza wa kuwawezesha wahudumu wa afya kwenda kufanya kazi huko. Hospitali iliyokuwa ikitegemea uhaba wa kazi ili isiachwe na wauguzi wake haiwezi tena kuutegemea.

Vilevile mikataba ya muda mfupi hudhoofisha uzi wa wajibu. Mfanyakazi asiyejua kama mwaka ujao atakuwapo huona ugumu kujifunga kwa mwajiri ambaye mwenyewe hajajifunga kwake.

Tabia isiwe kisingizio

Maelezo haya yana hatari yake. Ni rahisi kwa mwajiri kuyashika na kusema kwamba shida iko katika tabia ya muuguzi, kisha akaacha wadi kama ilivyo.

Utafiti maarufu ulioongozwa na Linda Aiken katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2002, ulitoa jibu lililo wazi. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa mzigo wa muuguzi baada ya upasuaji aliandamana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki katika muda wa siku 30. Uwezekano wa muuguzi kuchoka kupita kiasi nao uliongezeka kwa asilimia 23. Uchovu wa namna hiyo hauponyeshwi kwa jaribio la tabia.

Naye Robert Karasek alieleza mwaka 1979 kwamba kazi inayoumiza zaidi ni ile yenye madai makubwa huku mfanyakazi akiwa hana uwezo wa kuamua chochote. Maelezo hayo yanamlingana muuguzi mpya kama vazi alilopimiwa.

Historia ya karibuni ya Kenya inatoa funzo kama hilo. Huduma za afya zilihamishiwa serikali za kaunti mwaka 2013, na mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kuanzia Juni hadi Novemba kufuatia mvutano kuhusu makubaliano ya malipo. Wakakamavu na watulivu waligoma pamoja. Hakuna mtindo wa kitabia unaoweza kueleza mgomo wa miezi mitano.

Aidha, ipo dhuluma ambayo haifai kuitwa tofauti za tabia. Nchini Korea Kusini wauguzi wana neno mahsusi, taeum, lenye maana ya kuchoma, kwa desturi ya wauguzi wakongwe kuwanyanyasa wageni kwa kisingizio cha kuwafundisha. Baada ya malalamiko ya umma, yakiwemo ya wauguzi, nchi hiyo ilianza kutekeleza mwaka 2019 sheria inayokataza unyanyasaji kazini. Wadi inayomtukana mgeni haina haki ya kumshauri awe mstahimilivu.

Wanasaikolojia wengi pia wana shaka na majaribio yanayowagawa watu katika makundi manne. Mtu mmoja huweza kuwa mtulivu kazini na mkakamavu nyumbani, na wengi wako katikati ya makundi. Isitoshe, tafiti nyingi za aina hii hukusanya majibu mara moja tu, kwa hojaji ambazo wauguzi hujaza wenyewe. Tafiti za namna hiyo huonyesha kuwa mambo mawili huandamana, lakini hazithibitishi kwamba moja limeleta jingine. Huenda wadi mbaya ndiyo inayomfanya mchangamfu aonekane mnyamavu.

Kwa sababu hizo, si haki kuutumia mtindo wa kitabia kuchuja wanaoomba kazi. Faida yake ni moja: kumsaidia msimamizi kujua ni swali gani amwulize nani.

Ya kufanywa

Baadhi ya nchi zimeacha kuuchukulia mwaka wa kwanza kuwa mtihani wa kunusurika. Scotland ilianzisha mwaka 2006 mpango wa kitaifa wa kuwasaidia wauguzi na wakunga waliohitimu karibuni, na nchini Marekani hospitali nyingi zina mpango wa mwaka mmoja wa kuwalea wauguzi wapya. Nchini Kenya wahitimu wa shahada ya uuguzi hupitia mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini, lakini matunda ya mwaka huo hutegemea sana anayewasimamia.

Yapo mengi yasiyohitaji bajeti kubwa. La kwanza ni kumkabidhi kila muuguzi mpya kwa mwenzake mzoefu anayejulikana kwa jina, badala ya kumwachia wadi nzima, kwani mtoto wa wengi hulala njaa. La pili ni kutombadilishia wadi hadi aimudu ile aliyo nayo. La tatu ni kutangaza ratiba za zamu mapema na kuziheshimu.

La nne ni kuzungumza naye baada ya kifo cha kwanza cha mgonjwa aliyemhudumia. Mara nyingi mwili huondolewa, kitanda hutandikwa upya na kazi huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mchangamfu atalia na atafarijiwa. Makini atajihukumu kimya kimya kwa miezi, akitafuta kosa ambalo pengine halikuwepo. Dakika kumi za maelezo kutoka kwa msimamizi zingemwondolea mzigo huo.

La tano ni kuwauliza wasiosema. Swali la jumla la iwapo kuna tatizo lolote hujibiwa na wale wale wenye sauti. Mtulivu hujibu anapoulizwa peke yake, na makini hujibu anapoulizwa jambo mahsusi, mathalani ni kazi gani jana ilimshinda kumaliza na kwa nini.

Muuguzi mwenyewe pia ana sehemu yake. Anayejijua kuwa mwepesi wa kutenda hana budi kujizoeza kuuliza kabla ya kugusa. Anayejijua kuwa mgumu wa kukataa ajifunze kusema zamu ya tatu mfululizo haiwezekani. Kuuliza si ujinga, na katika wadi kutouliza huweza kugharimu maisha ya mtu.

Mwisho wa yote, anayelipia mafadhaiko ya muuguzi mpya ni mgonjwa aliyelala kitandani usiku wa manane, akibonyeza kengele au akiita kwa sauti iliyofifia. Mgonjwa huyo hana habari na mitindo minne wala nyuzi tatu. Anachohitaji ni mtu aje, awe na nguvu za kumtazama na awe bado anataka kuwa pale. Hospitali ambayo haikuulinda moyo huo katika mwaka wa kwanza isishangae kuukosa katika mwaka wa tano.